Mitto, mittere: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kitenzi hiki cha Kilatini

Nimefundisha Kilatini kwa miaka kadhaa, na kitenzi kinacholeta maswali mengi kuliko vyote si amo wala sum. Ni mitto. Mwanafunzi hukikariri wiki ya kwanza kwa maana ya "tuma", akaridhika, kisha anafungua Injili au maandishi ya jemadari Caesar na kukuta watu wanatuma mawe, wanatuma divai kwenye viriba, wanatuma damu. Hapo anakuja kuuliza. Haya ni maswali ninayoulizwa zaidi, na majibu ninayoyaamini.

Mitto maana yake ni nini hasa?

Kamusi zitakuambia "tuma", na hazikosei. Ila ukibaki na neno hilo moja utakwama kila baada ya kurasa mbili. Mimi nilifundishwa na padri mzee ambaye hakuanza na kamusi. Alisimama mbele ya ubao, akanyoosha mkono akiwa ameshika chaki ngumini, akatutazama kimya, kisha akafungua vidole. Chaki ikaanguka sakafuni, ikavunjika vipande viwili. Akasema: "Misi." Baadaye ndipo alipoandika ubaoni: mitto, mittere, misi, missum.

Tangu siku ile naisoma mitto hivi: ni mkono unaofunguka ili kitu kiondoke. Kikienda kwa mtu fulani na kwa kazi fulani, tunasema kimetumwa. Kikienda kwa nguvu, kimetupwa. Kikiingia ndani ya chombo, kimetiwa. Kikiachwa kiende zake, kimeachiwa. Kiswahili kina neno tofauti kwa kila mwendo, Kilatini kinatumia moja. Kwa hiyo ukikuta mitto, usianze kuuliza "nani katumwa?" Anza na "nini kimeachiwa, na kinaelekea wapi?"

Kwa nini kamusi inaandika maneno manne?

Kwa sababu huwezi kubahatisha shina moja kutokana na jingine. Mitto ni "ninatuma". Mittere ni kitenzi-jina, "kutuma", na irabu e fupi iliyomo inakuonyesha kuwa ni kundi la tatu la vitenzi. Misi ni "nimetuma" au "nilituma". Missum ni supino, umbo ambalo kazi yake nitaieleza mbele, na ndipo panapozaliwa missus, "aliyetumwa", na missurus, "atakayetuma".

Shina la wakati uliopo ni mitt-, lenye t mbili zinazosikika: mit-to. Shina la wakati timilifu ni mis-, lenye i ndefu na s moja. Shina la supino ni miss-, lenye i fupi na s mbili. Kiswahili hakina konsonanti za kurudufiwa za namna hii, kwa hiyo wengi wetu tunasoma misi na missi kama neno moja. Ni makosa yenye gharama: misi ni "nilituma", missi ni "waliotumwa".

Wakati uliopo: mitto, mittis, mittit, mittimus, mittitis, mittunt. Uliopita usiokamilika: mittebam, mittebas, na kuendelea. Ujao: mittam, mittes, mittet. Timilifu: misi, misisti, misit, misimus, misistis, miserunt.

Tunaojua Kiswahili tuna faida yoyote hapa?

Kubwa sana, na nasikitika kwamba vitabu vingi tunavyosomea havijaandikwa kwa ajili yetu. Chukua mittebantur. Ivunje: mitt-e-ba-nt-ur. Shina, irabu, alama ya wakati, alama ya "wao", alama ya kutendwa. Sasa chukua "walitumwa": wa-li-tum-w-a. Nafsi, wakati, mzizi, kutendwa, kiishio. Vipande ni vilevile, ila Kilatini kimepanga karibu vyote nyuma ya shina na sisi tumeweka baadhi mbele. Mtoto aliyekua akisema "sikutumwa" hana sababu ya kuogopa neno refu lenye vipande.

Faida ya pili ni dhamira tegemezi. Mwalimu anayefundisha wasio na umbo hili katika maisha ya kila siku huhangaika wiki nzima kueleza mittat. Sisi tunalo: "atume". Ut mittat ni "ili atume". Ne mittat ni "asitume". Kiishio cha -e kwetu kinafanya kazi ileile inayofanywa na -a- katika mittat.

Tahadhari moja: timilifu ya Kilatini inabeba -me- na -li- kwa pamoja. Misit inaweza kuwa "ametuma" au "alituma", na ni habari inayozunguka neno ndiyo itakayoamua.

"Nitume" na "nitumie" nitavitofautishaje kwa Kilatini?

Swali hili nalipenda kuliko yote. "Nitume" ni mitte me: mimi ndiye ninayeachiwa niende. Ndivyo Isaya anavyojibu katika sura ya 6, aya ya 8, "Mimi hapa, nitume mimi", na Kilatini cha Vulgata, ile tafsiri ya kale ya Biblia, kinasema mitte me. "Nitumie" ni mitte mihi: kuna kitu kingine kinachoachiwa, na mimi ni mpokeaji. Unapomwandikia ndugu yako "nitumie hela", Mrumi angeandika mitte mihi pecuniam.

Kwa walimu wa sarufi: shamirisho kipozi, yaani kitu chenyewe kinachotumwa, huwa katika akuzativi (me, pecuniam, litteras). Shamirisho kitondo, yaani anayetumiwa, huwa katika dativi (mihi, fratri). Sisi tunaweka tofauti hiyo ndani ya kitenzi, kwa kile kiungo cha -i- kinachogeuza tuma kuwa tumia. Kilatini kinaiacha mitte kama ilivyo na kubadili umbo la jina.

Njia ya pili ya kumtaja mpokeaji ni ad na akuzativi: litteras ad te misi. Cicero anatumia zote mbili kwenye barua zake. Ad inaonyesha zaidi safari na mahali kitu kinakofika, dativi inaonyesha zaidi mtu anayenufaika au kuguswa. Kwa majina ya miji, ad haihitajiki unapotaka kusema mtu katumwa aingie humo: Romam misit, "alimtuma Roma".

Na ukisoma barua za Warumi, usishangae mwandishi anaposema misi kuhusu barua ambayo bado iko mezani pake. Anajiweka katika wakati wa msomaji: utakaposoma, nitakuwa nimeshatuma.

Wajumbe wanapotumwa, kusudi la kutumwa kwao husemwaje?

Hapa mitto inafungua mlango wa sarufi nzima, kwa sababu anayetuma ana kusudi, na Kilatini kina njia kadhaa za kulisema. Caesar anazo zote katika vitabu vya mwanzo vya Vita vya Gallia.

Mwaka 58 K.K. watu wa kabila la Wahelvetii wanataka kupita katika jimbo la Kirumi. Wanatuma wajumbe kwa Caesar: legatos ad eum mittunt… qui dicerent. Neno kwa neno, "wanatuma wajumbe ambao waseme". Hiyo ni sentensi ya kirejeshi yenye dhamira tegemezi, na maana yake ni "ili waseme". Mwanafunzi akitafsiri "wajumbe waliosema" amepoteza kiini: dicerent haisemi walichofanya, inasema walichotumwa kufanya.

Kurasa chache mbele, Wahaedui, kabila jingine, wanavamiwa, nao legatos ad Caesarem mittunt rogatum auxilium, "wanatuma wajumbe kwa Caesar kuomba msaada". Rogatum ni supino, ile sehemu ya nne ya kamusi ambayo wengi hukariri bila kujua kazi yake. Kazi yake ni hii: baada ya vitenzi vya kwenda na kutuma, inasema "kufanya jambo fulani". Tafsiri yake ya Kiswahili ni rahisi kabisa, "kuomba". Sisi pia tunasema "wamemtuma kuomba".

Mwaka uliofuata mji mmoja wa rafiki zake unazingirwa. Caesar anawapeleka Wanumidia, wapiga mishale wa Krete na warusha kombeo wa Baleares, subsidio oppidanis mittit. Dativi mbili zimesimama pamoja: subsidio, "kuwa msaada", na oppidanis, "kwa watu wa mji". Kwa Kiswahili: anawapeleka wakawasaidie wenyeji. Ukikutana na dativi mbili kando ya mitto, tafuta moja inayosema "kwa faida gani" na nyingine inayosema "kwa nani".

Njia nyingine mbili ni ut na dhamira tegemezi (mittit ut dicant), na ad na gerundivo, umbo la kitenzi linalotaja jambo la kufanywa (mittit ad pacem petendam, "anatuma kutafuta amani"). Zijue, lakini zile tatu za mwanzo ndizo zinazoangusha watu kwenye mtihani.

Mbona katika Vulgata watu "wanatuma" mawe?

Niliwahi kusahihisha daftari lililoandikwa kwa mwandiko mzuri sana: "Asiye na dhambi kati yenu awe wa kwanza kumtumia jiwe." Kijana alifuata kanuni zote nilizomfundisha. Kosa halikuwa lake, lilikuwa la ile maana moja niliyompa mwanzoni mwa muhula. Tangu hapo nilibadilisha namna ya kufundisha.

Yohane 8:7 kwa Kilatini inaishia primus in illam lapidem mittat, na Biblia ya Kiswahili ya Union inasema vizuri: "na awe wa kwanza wa kumtupia jiwe." Angalia mengine. Ibilisi anamwambia Yesu mitte te deorsum, "jitupe chini". Nemo mittit vinum novum in utres veteres, "wala hakuna mtu atiaye divai mpya katika viriba vikuukuu". Mjane maskini misit duo minuta, "akatia senti mbili". Non veni pacem mittere sed gladium, "sikuja kuleta amani, bali upanga".

Tupa, tia, leta. Vitenzi vitatu vya Kiswahili, kimoja cha Kilatini. Watafsiri wetu hawakutoka kwenye Kilatini, ila nyuma ya matini zote mbili kuna Kigiriki, na katika mahali hapa panapofanana Kigiriki kina kitenzi cha kutupa na kutia. Jerome, mtafsiri wa Vulgata, na waliomtangulia waliona kuwa mittere ya watu wa kawaida wa zama zao ilikuwa imeshapanuka kiasi cha kubeba maana hizo. Na iliendelea kupanuka. Mettre ya Kifaransa na mettere ya Kiitaliano zimetoka hapa, na maana yake leo ni "weka". Wakongo wanaosema Kiswahili na Kifaransa kwa siku moja wanayo mittere mdomoni kutwa nzima.

Kuna mahali pengine ambapo Kiswahili kinamshinda hata Jerome. Yohane 20:21 kwa Kilatini ni sicut misit me Pater, et ego mitto vos, kitenzi kimoja mara mbili. Kigiriki kina vitenzi viwili tofauti. Tafsiri ya Union inasema: "Kama Baba alivyonituma mimi, mimi nami nawapeleka ninyi." Viwili kwa viwili.

Kuna mahali mitto inamaanisha "acha"?

Ndiyo, na ukiielewa hii umeielewa mitto. Mshairi Horatius anamwambia mtumishi wake katika utenzi mfupi: mitte sectari rosa quo locorum sera moretur, "acha kutafuta ni wapi waridi la mwisho wa msimu limebaki". Mitte pamoja na kitenzi-jina ni "acha" pamoja na "ku-". Achia wazo hilo liende. Kiswahili kinalingana nacho kipande kwa kipande, wala hakuna haja ya maelezo mengine.

Katika ukoo huo weka na vocem mittere, kutoa sauti. Horatius tena: nescit vox missa reverti, neno likishatoka halijui kurudi. Sisi tunasema maji yakimwagika hayazoleki. Weka pia sanguinem mittere, kutoa damu kwa matibabu. Celsus, mwandishi wa mambo ya tiba, anasema kutoa damu kwa kukata mshipa si jambo jipya, jipya ni kwamba karibu hakuna ugonjwa ambao hawautibu hivyo. Na msimamizi wa mbio za magari ya farasi aliyeangusha kitambaa kuanzisha mashindano alisemwa mappam mittit. Mkono unafunguka, kitambaa kinaanguka, farasi wanaondoka.

"Ite, missa est" maana yake ni "misa imekwisha"?

Kwa mazoea ndivyo tunavyoielewa, lakini kisarufi sivyo ilivyoanza. Missa hapa ni nomino ya Kilatini cha baadaye yenye maana ya missio, yaani kuagwa, kuruhusiwa kuondoka. Usione ajabu nomino kujengwa hivyo: waandishi wa Afrika ya Kaskazini kama Cyprian wa Carthage, aliyeuawa mwaka 258, wanatumia remissa mahali pa remissio, ondoleo. Basi Ite, missa est ni "Nendeni, mmeagwa", au "Nendeni, ruhusa imetolewa".

Katika karne ya 7 Isidore wa Sevilla alieleza kuwa jina lilitokana na wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, ambao waliambiwa watoke nje kabla ya sadaka kuanza: foras mittuntur, wanatolewa nje. Kabla yake, mwishoni mwa karne ya 4, Ambrose wa Milano alimwandikia dada yake missam facere coepi, "nikaanza kuadhimisha misa". Neno la kuaga lilishaanza kuwa jina la ibada nzima. Ibada imepewa jina la mlango wake wa kutokea.

Mwaka 2007 Papa Benedikto XVI aliandika kuwa katika kuaga huko Wakristo wamekuja kusikia pia utume: unaagwa na unatumwa. Mwaka uliofuata ziliidhinishwa namna nyingine za kuaga, mojawapo Ite ad Evangelium Domini annuntiandum. Tazama ad na gerundivo, ile njia ya kusema kusudi niliyoipitia haraka hapo juu. Padri anaposema "Nendeni na amani" nasi tukajibu "Tumshukuru Mungu", mkono wa mitto unafunguka.

Missio ilikuwa neno la kanisa tangu mwanzo?

Hapana. Kwanza lilikuwa la jeshi na la uwanjani. Honesta missio ilikuwa kustaafu kwa heshima kwa askari. Mwanajeshi asiye raia aliyetumikia vikosi vya msaada kwa miaka 25 aliweza kupewa uraia, na bamba la shaba lililoandikwa hivyo.

Kwa wapiganaji wa upanga, missio ilikuwa kuachiwa hai baada ya kushindwa. Pambano sine missione lilikuwa la kufa, na Augustus alilipiga marufuku. Mshairi Martialis anasimulia pambano la Priscus na Verus mbele ya Kaisari Tito: hadhira iliomba missio mara nyingi kwa kelele kubwa, hakuna aliyemshinda mwenzake, na mwishoni misit utrique rudes et palmas Caesar utrique, Kaisari akawapelekea wote wawili panga za mbao za uhuru na matawi ya mtende ya ushindi. Kitenzi kinachowapelekea zawadi na nomino inayowaokoa vimetoka mzizi mmoja.

Wanateolojia wakachukua neno: Thomas Aquinas anazungumzia missio ya Mwana na ya Roho Mtakatifu. Kutoka hapo, katika karne ya 16, Wajesuiti wakalifanya kuwa neno la safari za kupeleka Injili, na ndiyo maana tunayoijua leo.

Viambishi awali vinabadilishaje maana?

Hapa ndipo ile chaki inapolipa. Ukitafsiri kila kimoja kwa "tuma" utapotea, ukitafsiri kwa "achia" karibu vyote vinajieleza.

Amitto ni kuachia kitu kiende mbali nawe: kupoteza. Omitto ni kukiacha kianguke: kuacha, kutotaja. Permitto ni kuachia kipite hadi mwisho: kuruhusu, na anayeruhusiwa yuko katika dativi, tibi permitto. Admitto ni kuachia kiingie, na kwa kosa, kulitenda. Remitto ni kurudisha au kulegeza, kama kamba iliyokuwa imekazwa. Committo ni kuweka pamoja: proelium committere ni kuanzisha vita, kwa sababu unakutanisha pande mbili, na committere mtu mikononi mwa mwingine ni kumkabidhi.

Dimitto inahitaji maneno zaidi kwa sababu tunaisali. Di- ni kuachia huku na huku, kutawanya, kuacha kabisa. Ndiyo iliyo katika dimitte nobis debita nostra, "utusamehe deni zetu". Kusamehe hapo ni kufungua mkono ulioshika hati ya deni. Ndiyo iliyo katika wimbo wa mzee Simeoni, nunc dimittis servum tuum Domine, "sasa, Bwana, wamruhusu mtumishi wako". Zingatia: dimittis si amri, ni wakati uliopo, "unaruhusu". Wanakwaya wengi huiimba wakidhani ni ombi. Simeoni haombi, anashuhudia kinachotendeka.

Promitto huwachanganya wengi. Maana ya msingi ni kuachia kitu kiende mbele, na mwanahistoria Livius anatumia promissa barba kwa ndevu zilizoachwa zikue. Ahadi ni neno ulilolitanguliza mbele yako. Kisarufi, anayeahidi kwa Kilatini husema me missurum esse, kitenzi-jina cha wakati ujao: promitto me litteras missurum esse. Sisi tunasema tu "naahidi kutuma barua", ndiyo maana wanafunzi wetu huandika promitto mittere, na mwalimu anakata alama.

Kuna maneno ya Kiswahili yaliyotoka kwenye mitto?

Mengi kuliko unavyodhani, na yamepita lugha nyingine kabla ya kutufikia. Misa, misheni na mishenari ni ya wazi. Kamishna na kamisheni yametokana na committo, na kamati pia. Meseji imepitia Kifaransa cha zamani kutoka missaticum ya Kilatini, kwa hiyo ukisema "nitumie meseji" umesema kutuma mara mbili. Mesi ya maofisa jeshini ilianzia kwenye missum, kilichowekwa mezani, sahani ya chakula. Na Krismasi? Silabi zake za mwisho ni missa: Misa ya Kristo, kwa njia ya Kiingereza.

Dar es Salaam neno limeendelea na safari yake. Kuna mtaa wa Misheni Kota, na kuna "misheni" ya vijana, yaani dili, na "misheni tauni" anayeishi kwa dili hizo. Mrumi angeshangaa, lakini neno halijatoka nje ya ukoo wake.

Kwa nini kumwachia huru mtumwa ni manumittere?

Manu ni "kutoka mkononi". Mtumwa wa Kirumi alikuwa chini ya mkono wa bwana wake, na katika namna moja ya kumwacha huru, mbele ya hakimu, bwana alimshika kisha akamwachia. Manumissio iliweza pia kufanyika kwa wosia, na hii ilizidi hadi sheria ya mwaka 2 K.K. ikaweka kikomo cha idadi ya watumwa ambao mtu angeweza kuwaacha huru kwa wosia.

Swali hili hunigusa kwa sababu ya neno letu. "Mtumwa" ni mtu wa kutumwa, m-tum-w-a, na kutoka mzizi huohuo tunapata mtume, mtumishi, utume na matumizi. Mzizi mmoja umebeba aliyeheshimiwa kuliko wote na aliyedharauliwa kuliko wote. Kilatini kimefanya kinyume: neno la mtumwa, servus, liko mbali, lakini kitenzi cha kutuma ndicho kinachomfungua.

Maneno haya mawili yalikutana kwenye pwani yetu. Mwaka 1868 Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misioni Bagamoyo, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Missio na manumissio mahali pamoja, kwa watu walioitwa watumwa kwa Kiswahili. Nikifundisha neno hili siharakishi.

Ni maumbo gani ya kuangalia mara mbili?

Mittam: ni "nitatuma" na pia "nitume" ya dhamira tegemezi. Katika nafsi nyingine zinaachana, mittes na mittas.

Miseram: ikiwa na i ndefu ni "nilikuwa nimetuma", ikiwa na i fupi ni "mwanamke maskini" katika akuzativi. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi urefu, kwa hiyo tafuta kama sentensi tayari ina kitenzi.

Mittis na mitis: ya kwanza "unatuma", ya pili "mpole". Beati mites ni "heri wapole", haihusiani na kutuma.

Mitti ni "kutumwa". Missum iri ni "kutumwa" kwa wakati ujao, ni nadra, na haibadiliki kwa jinsia wala idadi.

Naomba sentensi chache za kujipima.

Mitte fratri litteras. "Mtumie kaka barua." Fratri ni dativi, kwa hiyo ni mtumie, si mtume.

Servos in agros misit rogatum frumentum. "Aliwatuma watumwa mashambani kuomba nafaka."

Arma amiserunt. "Walipoteza silaha." Ukiandika "walituma silaha", rudi kwenye chaki.

Milites ab imperatore missi sunt. Hii ina majibu mawili, "askari walitumwa na jemadari" au "askari waliruhusiwa na jemadari kuacha jeshi", na sentensi peke yake haitakuamulia. Soma mstari unaofuata. Ukikuta ad flumen, wako njiani kuelekea mtoni. Ukikuta habari za mashamba na za kurudi nyumbani, wamestaafu.